Uyoga Alioupitia Koleta

Mvua zikishika, pori la Sikonge linaota uyoga. Unaota chini ya miombo. Unaota kwenye vichuguu. Unaota hata kando ya njia wanazopita watu wa tumbaku. Alfajiri wanawake huchukua vikapu na visu vidogo, wakaingia porini. Jua likipanda kidogo wanarudi.

Lakini katika kijiji kimoja karibu na Ipole, hawaendi moja kwa moja nyumbani. Hukaa kwanza pale pori linapoishia na kuweka vikapu chini. Kila kikapu lazima kipitiwe. Kupitia ni kuutazama uyoga mmoja mmoja, juu na chini, na kutupa ule usioliwa.

Kazi hiyo ilikuwa ya Koleta. Kabla yake ilikuwa ya mama yake. Koleta alikuwa amepita miaka sitini. Watu walimwita Mama Deus, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Katika miaka yote aliyopitia vikapu, hakuna mtu aliyeugua. Mwanamke akiuza uyoga barabarani, na mnunuzi akisita, alisema tu, "Huu umepitiwa na Mama Deus." Mnunuzi alinunua.

Jirani yake aliitwa Benedikta. Wawili hao walikuwa marafiki tangu wakiwa wadogo. Walipata kipaimara siku moja na waliolewa msimu mmoja. Sasa Benedikta alikuwa mjane. Binti yake, Julieth, alikuwa fundi cherehani huko Kaliua. Benedikta alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka hata kanisani, mpaka padri akamkazia macho.

Koleta alikuwa na sifa nyingine. Aliona mbali. Mwewe akizunguka juu kabisa, yeye ndiye alimwona wa kwanza na kuwaficha vifaranga. Mtu akitokea mwisho wa njia, Koleta alimtaja jina kabla wengine hawajajua kama ni mwanamume au mwanamke.

"Macho ya Mama Deus hayazeeki," watu walisema. Koleta naye aliamini.

Ila mambo ya karibu yalianza kumshinda. Mwiba ukimchoma kidoleni, hakuuona. Simu ikiita, aliisogeza mbali, akainamisha kichwa, akakunja uso.

"Mikono yako imekuwa mifupi," mume wake alimtania. Mume huyo, Lugembe, alikuwa mfuga nyuki.

Jioni moja walikuwa wanakula wali. Lugembe alitafuna jiwe. Akatafuna la pili.

"Mke wangu, leo tunakula wali au changarawe?"

"Kula, mwanamume. Macho yana ukungu kidogo tu."

Lugembe alikwenda ndani akaleta kichupa cha asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma. Wazee wengi huku husema asali hiyo ni dawa ya macho. Akamdondoshea mkewe machoni. Koleta aliruka kwa maumivu. Machozi yakamwagika.

"Inasafisha," Lugembe alisema.

"Inasafisha," Koleta alijibu, huku analia.

Kesho yake wali ulikuwa na mawe vilevile.

Siku moja, mvua zikiwa bado hazijaanza, Koleta na Benedikta walikuwa wanapukuchua mahindi uani. Flavia, muuguzi wa zahanati, alipita.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

"Sikai, bado nina nyumba nyingi. Wiki ijayo wataalamu wa macho watakuja zahanati. Kila mtu aliyefika miaka arobaini aje apimwe. Watu wa umri wenu wasikose."

"Nipimwe nini?" Koleta aliuliza. "Mimi nikisimama hapa naona mpaka Sikonge."

"Na vitu vya karibu?"

"Vya karibu navishika kwa mkono."

Flavia alicheka. "Njoo tu, mama. Pengine utapata miwani ya kusomea."

"Ya kusomea! Mimi nasoma nini? Shule niliishia darasa la tatu. Nikivaa miwani watu watasema Mama Deus anajifanya mwalimu."

"Usiivae," Benedikta alisema. "Nikikuona nayo nitakuamkia shikamoo." Akacheka mpaka punje zikamwagika mapajani.

Flavia naye alicheka, akaaga, akaenda. Wiki iliyofuata wataalamu walikuja, wakapima watu, wakaondoka. Koleta hakwenda. Benedikta naye, kwa kuwa Koleta hakwenda, alibaki nyumbani.

Koleta alikuwa na sababu nyingine ambayo hakuisema. Aliogopa. Wanawake wakijua kwamba haoni karibu, nani atapitia vikapu? Na yeye atakuwa nani kijijini? Basi alinyamaza. Alijifariji kwamba vidole vyake na pua yake vinaujua uyoga vizuri. Jamani, ni wangapi tunaficha hivyo, tukiona aibu kwa jambo lisilo na aibu?

Mvua zilikuja vizuri mwaka ule. Asubuhi moja ya Januari mawingu yalikuwa mazito. Wanawake walirudi na vikapu vilivyojaa, wakakaa mahali pao. Koleta alianza kupitia. Alipapasa, akanusa, akatupa, akaweka. Manyunyu yakaanza. Wanawake wakasimama, vikapu kichwani, wakimsubiri.

Kikapu cha mwisho kilikuwa cha Benedikta.

"Huu vipi?" Benedikta aliuliza. Alikuwa ameshika uyoga mmoja mweupe. "Shingo yake inanitia shaka. Mimi vitu vidogo sivioni tena, nakutegemea wewe."

Koleta aliupokea. Aliusogeza karibu akaona ukungu. Aliusogeza mbali, ukawa kitu cheupe tu. Akaunusa. Ulinuka mvua na udongo, kama kila kitu asubuhi ile. Moyo wake ulimwambia: sema huoni.

Aliwatazama wanawake waliokuwa wanasubiri.

"Huo ni wetu," alisema. "Weka."

Msomaji, hapa naumia kila ninaposimulia. Maneno mawili tu, "Sioni vizuri," yangetosha. Sitakueleza uyoga ule ulifananaje. Uyoga wa sumu na unaoliwa huweza kufanana kama mapacha, na hadithi si mahali pa kujifunzia kuchuma. Ninachojua ni kwamba Benedikta aliuweka kikapuni, akaenda nyumbani, akaupika kwa karanga, akala na ugali peke yake.

Alfajiri alianza kutapika. Tumbo lilimkata, akaharisha kama maji. Majirani walijaa.

"Jana alikula nini?" mmoja aliuliza.

"Ugali na uyoga," Benedikta alisema kwa sauti ndogo.

Watu wote walimgeukia Koleta. Naye alijibu haraka.

"Uyoga niliupitia mimi mwenyewe."

Basi, habari ya uyoga ikaishia hapo. Nani angebishana na Mama Deus? Wakasema labda ni maji ya kisima. Wakampa maji ya chumvi na sukari. Koleta alikaa kando ya kitanda siku nzima. Alimfuta jasho, lakini habari ya macho yake hakuisema.

Siku ya pili Benedikta alipata nafuu. Alitoka, akakaa mlangoni, akanywa uji.

"Nimeonja kufa, Koleta," alisema. "Hakuna chumvi."

Walicheka wote wawili. Koleta alimshukuru Mungu. Alijiambia kwamba yamepita, na hakuna haja ya kusema lolote.

Siku ya tatu macho ya Benedikta yalikuwa ya manjano. Alikuwa anazungumza na mume wake, ambaye alikwisha kufa zamani. Lugembe alipanda baiskeli akamfuata Flavia. Flavia alipofika alimtazama mgonjwa, akabadilika uso.

"Amekula nini wiki hii? Niambieni kila kitu."

"Uyoga," Koleta alisema. "Mimi niliupitia. Lakini sikuuona."

"Hukuuona vipi, mama?"

"Sioni karibu, Flavia. Ni muda mrefu sasa. Nilipapasa tu."

Flavia hakumgombeza. Alipiga simu kuita gari. Wakiwa njiani kwenda hospitali alisema taratibu, "Sumu ya uyoga hudanganya. Mtu hutapika, halafu hupata nafuu, na watu hufurahi. Kumbe ndani ini linaharibika. Mtu akiugua baada ya kula uyoga, msingoje hata kidogo. Mleteni siku ileile, na mabaki ya uyoga mje nayo. Kuuchemsha sana hakuondoi sumu."

"Tungemleta siku ya kwanza, angepona?"

Flavia alitazama nje. "Sijui, mama. Angekuwa na nafasi kubwa zaidi."

Madaktari walijitahidi. Julieth alipanda treni kutoka Kaliua, akaunganisha na basi, akafika jioni ya pili. Alimkuta mama yake hasemi tena. Usiku ule Benedikta alifariki.

Walimzika nyuma ya nyumba yake. Watu walisema ni kazi ya Mungu. Julieth aliambiwa mama yake alikula uyoga mbaya, bahati mbaya tu. Koleta alikuwepo maneno hayo yaliposemwa, akatazama chini. Julieth alirudi Kaliua, Koleta akarudi nyumbani kwake. Akawa hali chakula vizuri. Wanawake walipompitia asubuhi kwenda porini, alijifanya amelala.

Siku moja Flavia alikuja. Safari hii alikaa.

"Mama, nimekuja kukuomba radhi," alisema. "Siku ile nilitaja miwani ya kusomea, nikaondoka. Sikukueleza. Nilikuwa na haraka."

"Wewe huna kosa. Mimi ndiye niliyekataa."

"Basi nikueleze leo. Ngozi mbichi ya ng'ombe unaweza kuikunja?"

"Unaikunja unavyotaka."

"Na ikikauka?"

"Inakakamaa."

"Ndani ya jicho kuna kioo kidogo laini. Ukitazama kitu cha karibu, kinajikunja ili uone. Tukipita miaka arobaini kinaanza kukakamaa. Hakijikunji tena vizuri. Kwa hiyo unaona mwewe juu, lakini huoni mwiba kidoleni. Kuona mbali na kuona karibu ni kazi mbili, mama. Moja ikiwa nzima, nyingine inaweza kuwa imechoka."

"Mimi nilidhani nikiona mbali, basi macho ni mazima."

"Wengi hudhani hivyo. Na si ugonjwa wa kuonea aibu. Humfika kila mtu, aliyesoma na asiyesoma. Marehemu naye alikuwa hivyohivyo. Mlikuwa wawili, na hakuna aliyekuwa anaona."

Koleta alijifuta machozi kwa khanga. "Na dawa yake?"

"Hakuna dawa ya kunywa wala ya kudondosha. Asali, maji ya majani, maziwa, hivyo vyote huweza kuleta vidonda kwenye jicho. Tafadhali baba aile asali yake kwa mkate."

Lugembe, aliyekuwa anasikiliza mlangoni, alikohoa.

"Miwani ndiyo msaada," Flavia aliendelea. "Miwani ya karibu. Ni ya kusomea, ndiyo, lakini pia ni ya kuchagua mchele, kushona, kukata kucha za mjukuu, kusoma kipimo cha dawa."

"Wanasema miwani huharibu macho."

"Haiharibu. Macho huendelea kubadilika yenyewe kwa umri, uvae usivae. Lakini usiazime ya mtu, na usichukue yoyote ya barabarani kwa kubahatisha. Upimwe kwanza. Kuna magonjwa mengine hujificha. Kuna mtoto wa jicho, huyo huondolewa kwa upasuaji. Kuna presha ya jicho, hiyo haiumi, huiba kuona kidogokidogo, na kilichopotea hakirudi. Ikigunduliwa mapema huzuiwa."

Walikwenda wote watatu, Lugembe akiwemo, hospitali ya wilaya. Mtaalamu wa macho aliitwa Renatus. Koleta aliogopa kwamba ataambiwa asome herufi. Renatus alimwonyesha ubao wenye alama kama uma wa meno matatu.

"Nionyeshe kwa mkono, meno yanaelekea wapi. Juu, chini, kulia au kushoto?"

Koleta alizipata zote za mbali, hata ndogo kabisa. Kisha Renatus alimpa kadi ndogo ashike mkononi. Koleta hakupata hata moja. Renatus alimmulika ndani ya macho, akapima presha ya macho.

"Macho yako ni mazima, mama. Yanataka msaada wa karibu tu. Je, kazi yako ya karibu ni ipi?"

"Kuchagua mchele," Koleta alisema. "Na..."

Renatus alijaribu vioo kadhaa, kisha akampa miwani. Koleta aliivaa, akatazama kiganja chake. Aliona mistari yote. Aliona kovu la kisu alilolipata zamani. Aliona nyuzi za khanga yake, moja moja. 

"Ningeuona hivi?" aliuliza. "Siku ile, ningeuona hivi?"

Renatus hakuelewa. Flavia alielewa.

"Ndiyo, mama," alisema. "Ungeuona hivyo."

Koleta alilia palepale kwenye kiti. Hakuna mtu aliyemnyamazisha.

Lugembe naye alipimwa. Jicho lake la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho. Kumbe miaka miwili alikuwa anaangalia mizinga kwa jicho moja na kulidondoshea asali lile jingine. Alipewa siku ya upasuaji.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Koleta aliwaomba wanawake wabaki. Alisimama mbele yao na miwani usoni. Hakuna aliyecheka.

"Nilikuwa sioni karibu, nikawaficha," alisema. "Niliogopa kuonekana mzee. Benedikta aliniuliza, nami nikamjibu jambo nisilolijua. Alipougua nikawafunga midomo. Msinisifie macho tena. Nendeni mkapimwe."

 Kisha mwanamke mmoja wa makamo alinyoosha mkono, akasema kwamba hata yeye hupapasa. Mwingine akasema vivyo hivyo. Wiki ile wengi walikwenda kwa Flavia. Tangu siku hiyo kila kikapu kinapitiwa na wanawake wawili waliopimwa macho, tena kwenye mwanga mzuri. Uyoga wenye shaka unatupwa, hata kama ni mmoja katika kikapu kizima. Na mtu akiugua tumbo, uyoga ndio unatajwa kwanza, yeyote aliyeupitia. Toka wakati huo hakuna aliyeugua. Hilo ni jambo jema. Lakini limechelewa, na Koleta anajua.

Bado alikuwa na deni moja moyoni. Julieth alikuja kwa misa ya arobaini ya mama yake. Koleta alikwenda kumwona jioni ileile aliyofika, kabla mtu mwingine hajamwambia. Alimkuta amekaa peke yake mlangoni.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Nina neno. Nisikilize mpaka mwisho."

Akamweleza yote. Habari ya manyunyu, ya uyoga mweupe, ya wanawake waliosimama wakisubiri. Habari ya siku ya kwanza ya ugonjwa, na maneno aliyoyasema mbele ya majirani. Hakujitetea.

Julieth aliinuka, akafungia kuku bandani, akarudi kukaa.

"Angekucheka," alisema. "Ungemwambia huoni, angekucheka mpaka akae chini. Halafu mngeutupa, mkarudi nyumbani."

"Ndiyo," Koleta alisema. 

Simu ya Julieth iliita. Aliitoa mfukoni, akaisogeza mbali na uso, akakunja macho, akaisogeza mbali zaidi. Koleta alimtazama. Julieth alikuwa amefika miaka arobaini na miwili.

"Julieth, siku hizi sindano unaitunga mwenyewe?"

"Ananitungia binti wa pale dukani. Ni uchovu tu."

"Si uchovu." Koleta alimshika mkono. "Kesho twende kwa Flavia ukapimwe. Nakuomba, mwanangu. Mama yako sikumpeleka."

Julieth alijifuta uso kwa upande wa kitenge.

"Sijakusamehe, mama mdogo."

"Najua."

"Lakini twende. Twende mapema, kabla ya misa."

Asubuhi walikwenda. Njiani Julieth alitangulia, Koleta akamfuata nyuma.